Kabla hujanunua matone ya "kuongeza kinga"

Dada, pole. Umeuliza kama mafua ya mara kwa mara ya mwanao wa miaka minne yanatokana na usonji wake (autism), na kama umpe matone ya kuongeza kinga anayouza jirani.

Tofauti za kinga ya mwili kwa wenye usonji zipo kweli. Mwaka 2005 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na usonji, wakakuta seli za kinga zimeamka kupita kiasi. Zimeamka, hazijalala! Sasa unaongeza nini? Hela yako kaa nayo.

Mafua sita hadi nane kwa mwaka ni kawaida kwa mtoto wa chekechea. Nimonia mara mbili ndani ya mwaka, hapo muone daktari wa watoto. Mchunguze masikio pia. Mwanangu mwenye usonji hasemi, alijipiga sikio wiki nzima tukadhani ni mambo yake yale yale, kumbe ndani usaha unatoka.

Na chanjo usimkatishe. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakaona chanjo ya surua haiongezi usonji. Surua yenyewe ndiyo inayobomoa kinga.