Kijiko Kikiingia Shambani: Majibu ya Maswali Yenu

Mwezi huu maswali mengi yaliyonifikia yanahusu kijiko cha matairi, ile mashine yenye bakuli pana mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Watu wengi wanaiita JCB hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Herufi hizo ni za jina la Mwingereza Joseph Cyril Bamford, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1945, na mwaka 1953 akatoa kijiko chake cha kwanza cha aina hii. Nimekaa kwenye kiti cha opereta miaka 14 kabla ya kurudi Morogoro kulima, na sasa mimi ndiye ninayelipa saa za mashine. Najibu nikiwa nimeona pande zote mbili.

Nina ekari 3 Kilolo. Nataka kusafisha kiwanja, kuchimba msingi wa nyumba na mtaro wa bomba la maji. Nikodi kijiko kwa saa au kwa siku?

Kwa kazi tatu kama hizo, kodi kwa siku, mdogo wangu, ila kila kitu kiwe tayari kabla mashine haijafika. Na kabla ya kutoa hela, uliza mambo haya: bei ni pamoja na mafuta au bila mafuta? Saa zinaanza kuhesabiwa shambani kwako au huko mashine inakotoka? Kama ni kwa saa, wanakubali saa ngapi kwa uchache? Kijiko kinachochimba bila kupumzika kinaweza kunywa lita 5 hadi 8 za dizeli kwa saa, kwa hiyo bei "bila mafuta" inayoonekana nafuu inaweza kukutoa jasho jioni. Piga picha mita ya saa ya mashine ikianza na ikimaliza, opereta akiwepo. Mita ile inahesabu injini ikiwaka tu, hata kama mkono haujagusa ardhi. Kubalianeni kwamba wakati wa kula injini inazimwa.

Sasa kazi yako ya siku moja kabla. Piga vigingi, funga kamba, mwaga chokaa pale pa kuchimba. Kona za nyumba zipime kwa 3, 4 na 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na ukivuka mshazari upate mita 5 kamili. Usipofanya hivyo, utakuwa unabishana na fundi huku injini inawaka.

Uliza pia upana wa ndoo ya nyuma. Zipo za sentimita 30, 45, 60 na 90. Mtaro wa bomba unataka ndoo nyembamba. Wakikuletea ya 90, utalipia kutoa udongo mara tatu ya unaohitajika, kisha utalipia tena kuurudisha.

Na hapo kwenye "kusafisha kiwanja" naomba unisikilize vizuri. Mwaka niliorudi shambani nilikodi mashine, nikamwambia opereta asawazishe sehemu moja karibu na nyumba, nikaondoka kwenda kununua saruji. Niliporudi ardhi ilikuwa imenyooka kama meza. Ule udongo mweusi wa juu, unene wa kiganja na nusu, ulikuwa umesukumwa wote bondeni, na kilichobaki ni udongo mwekundu mgumu. Mahindi niliyopanda pale yalitoka ya manjano, yakaishia magotini. Nimepeleka samadi misimu minne ndipo panaanza kufanana na shamba. Lile lilikuwa kosa langu, kwa sababu sikusema. Kwa hiyo wewe sema: udongo wa juu utolewe kwanza, urundikwe pembeni peke yake, mbali na udongo wa chini. Ukimaliza kujenga, urudishe pale utakapopanda mboga na miti. Hakuna duka linalouza udongo ule.

Sisi ni wafugaji Kongwa. Tunataka lambo la ng'ombe. Kijiko kinaweza, au lazima tutafute buldoza?

Kijiko kinaweza lambo dogo, tena vizuri. Ngoja tupige hesabu pamoja, mama. Chukua lambo lenye mdomo wa mita 15 kwa 12, kina cha mita 2, kingo zikilala kiasi kwamba kila ukishuka mita 1 unaingia ndani mita 1 na nusu. Chini linabaki mita 9 kwa 6. Hapo ujazo ni karibu mita za ujazo 222, yaani lita 222,000. Kijiko kwenye udongo wa kawaida kinatoa kama mita za ujazo 25 kwa saa, opereta akiwa mzuri na udongo hausafirishwi mbali. Ni siku moja ndefu, au siku moja na nusu. Kumbuka udongo ukichimbwa unavimba: hizo mita 222 zikilala juu zinakuwa kama 275. Amueni mapema zinakwenda wapi. Ziwe tuta upande wa chini wa mteremko, zishindiliwe tabaka kwa tabaka, na muache njia ya maji ya ziada kutokea pembeni, pasipo na tuta. Malambo mengi niliyoyaona yamebomoka yalikosa njia hiyo. Maji yakapanda juu ya tuta na kulikata katikati.

Lakini kabla ya mashine, udongo. Chimbeni kwa mkono shimo la mita 2 hapo mnapopataka. Chukueni udongo wa chini, ulowesheni, uviringeni kama kamba nene kiasi cha kidole. Ukikunjika kuwa pete bila kukatika, huo ni mfinyanzi, utashika maji. Ukimomonyoka, ni kichanga, na lambo litakuwa chujio. Kisha jazeni maji hilo shimo jioni, maji yakinywewa mjaze tena, asubuhi mkaangalie. Jaribio hili ni la bure.

Jua la kwenu linakausha maji vibaya. Hata milimita 5 kwa siku zinafika sentimita 60 kwa miezi minne ya kiangazi. Kwa hiyo kina ni bora kuliko upana. Na ng'ombe wasiingie ndani: wekeni uzio, maji yatoke kwa bomba kwenda kwenye birika upande wa chini.

Kama mnataka kukinga maji ya korongo au kijito, hapo si suala la kijiko tena. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali, na anayetoa ni Bodi ya Maji ya bonde lenu. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Opereta akikuambia "tuchimbe usiku, nani ataona", mrudishe alikotoka.

Mkuranga. Nina visiki vya minazi mizee 11 na mwembe mmoja mkubwa. Nivichome au nilete kijiko?

Leta kijiko. Mnazi ni rahisi, mizizi yake ni mingi lakini myembamba. Ndoo inazunguka kisiki, inakata, kisha inakiinua kutoka chini. Mwembe ni mgumu zaidi, kwa sababu mizizi yake minene inakwenda mbali. Ombi langu: miti ambayo bado imesimama msiikate karibu na ardhi. Acheni kimo cha mtu, mashine ipate pa kusukumia. Kisiki kilichokatwa chini kabisa kinachukua muda mara mbili.

Magogo ya minazi msiyaache yaozee shambani. Ndani yake huzaliana chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa moyo wa minazi michanga. Pasueni, chomeni au zikeni chini sana. Mashimo myajaze siku hiyohiyo, kabla mtoto au mbuzi hajatumbukia.

Niko Makueni. Shamba langu limelala kwenye mteremko na mvua inanibebea udongo. Je, fanya juu inaweza kuchimbwa kwa mashine?

Swali hili limenifurahisha, kwa sababu Ukambani ndiko watu walikoithibitishia dunia kwamba matuta ya fanya juu yanarudisha uhai wa ardhi, na waliyachimba kwa jembe na sepetu. Kwa wasomaji wasioijua: unachimba mtaro unaofuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokatiza mteremko, kwa kawaida upana na kina cha kama sentimita 60, na udongo unautupa upande wa juu wa mteremko. Tuta linashika maji na udongo unaoteremka, na miaka ikipita shamba linajipanga lenyewe kuwa ngazi.

Kijiko kinaweza, mama, na kuna jambo linalokisaidia. Mashine ikifuata kontua inakuwa imeinama ubavu. Mkono ukigeuka na ndoo iliyojaa kuelekea bondeni, uzito wote unahamia upande wa bonde na mashine inaweza kulala. Fanya juu inatupa udongo upande wa mlima, kwa hiyo mkono uliobeba unageukia upande salama. Fanya chini ni kinyume chake, na kwa mashine siipendekezi hata kidogo.

Hata hivyo pima mteremko kwanza. Ukipanda mita 1 kwa kila mita 7, au ukiwa mkali kuliko hapo, mimi sipeleki mashine. Waite majirani wenye majembe. Panapofaa, opereta ateremshe mguu wa chuma wa kuegemea wa upande wa bonde zaidi ya ule wa mlima mpaka mashine ikae sawa kabla ya kuchimba. Mstari wa kontua uupime wewe mwenyewe kwa fremu ya A (miti iliyofungwa kama herufi A, yenye uzi na jiwe) au pimamaji ya kamba, uweke vigingi. Usimwachie opereta akisie kwa macho. Mtaro ulioinama hata kidogo utakusanya maji yote upande mmoja na kuchimba korongo jipya. Fanya kazi hii kiangazi. Mashine ya tani 8 kwenye udongo uliolowa inaushindilia kama barabara, na jembe litakuambia hivyo msimu mzima. Tuta likikamilika, panda majani ya kulishia mifugo juu yake mara mvua za kwanza zinaponyesha.

Korogwe. Kijiko kikija kuchimba msingi, kinichimbie na shimo la choo? Kisima chetu kiko mita 18 kutoka hapo.

Hapana, si hapo. Choo na kisima vitenganishwe kwa angalau mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Sakafu ya shimo ibaki mita 1 na nusu juu ya usawa ambao maji ya ardhini yanafika wakati wa masika. Mkipata sehemu nyingine, kijiko kinafika mita 4 na ushee kwenda chini, lakini shimo lake linakuwa refu na pana, kingo zake hazisimami. Muwe na fundi na matofali tayari ya kujengea siku inayofuata. Kwa shimo moja la familia, wachimbaji wawili wa mkono wanaotengeneza shimo la duara mara nyingi ni nafuu na bora.

Njombe. Kuna kijiko kilichotumika kinauzwa, mmiliki anasema hakina tatizo. Nitajuaje?

Nenda asubuhi bila kutaja saa kamili, na kitu cha kwanza gusa injini. Ikiwa ya moto, wameiwasha kabla yako; subiri ipoe, kwa sababu tatizo la kuwaka huonekana injini ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Kisha inua bakuli la mbele na mkono wa nyuma, zima injini, subiri dakika 10. Vikishuka taratibu vyenyewe, haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaosukuma mikono ya mashine, imechoka ndani. Shika ndoo ya nyuma uitikise: mlio na mchezo unatoka kwenye pini na bushi, vyuma vya kwenye viungo, na pale mkono unapogeukia ndipo pa kuangalia zaidi, maana ukarabati wake ni ghali. Tafuta alama za kuchomelea kwenye mkono. Endesha gia zote, mbele na nyuma.

Kisha jiulize una kazi za siku ngapi kwa mwaka. Kama ni chini ya wiki mbili, kaka, kodi tu, hela hiyo nunua ng'ombe wa maziwa. Ukinunua, grisi kwenye pini kila siku ya kazi, bila kukosa.

Bagamoyo. Fundi wangu anashuka mtaroni, kina mita 2, kuunga mabomba wakati kijiko kinaendelea kuchimba mbele. Mume wangu anasema ni kawaida.

Dada, simamisha kazi hiyo leo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kama tani moja na nusu. Ukuta ukianguka hautoi onyo, na aliyefukiwa mpaka kifuani hawezi kupanua mbavu apumue, hata kichwa kikiwa nje. Kichanga cha pwani kwenu ndicho hatari zaidi. Mtaro unaozidi mita 1.2 mtu haingii mpaka kingo zilazwe au zizuiwe kwa mbao. Udongo uliotolewa ukae mita 1 kutoka ukingoni, na mashine isitembee sambamba na mtaro wenye mtu.

Watoto wawe mbali kabisa. Nimeshuhudia wakipandishwa kwenye bakuli kwa furaha ya picha, na opereta anayekubali hilo hafai. Angalia na nyaya za umeme juu, mkono ukinyanyuliwa unafika mbali kuliko unavyodhani. Kuhusu mabomba yako, kama ni ya plastiki, fundi ayaunge juu, ukingoni, gundi ikauke, kisha yateremshwe mtaroni kwa kamba.