Muulize Fundi: Mbona simu inakata nikivuka Namanga?

SWALI: Shikamoo dada. Nauza viatu vya mitumba kati ya Arusha na Namanga. Ndani ya gari naongea na mke wangu mpaka tunapita Longido bila simu kukata, ingawa minara tumeipita mingi. Lakini nikivuka kwenda upande wa Kenya huku naongea, sauti inakwaruza, kisha simu inakata. Muda si mrefu naona mtandao wa Kenya umejaa. Kwa nini usinipokee kabla?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Unapoongea, simu yako inapima pia minara ya jirani na kutuma ripoti. Kwenye 2G, yaani mtandao wa simu wa kizazi cha pili, hufanya hivyo takriban mara mbili kwa sekunde, ikitaja hadi majirani sita wanaosikika vizuri zaidi. Anayeamua uhamie mnara gani na lini ni mtandao, si simu. Mnara wa mbele ukiuzidi wa nyuma kwa kiwango kilichowekwa, nafasi ya maongezi yako inatengwa huko mbele kwanza, ndipo simu inaamriwa ihame. Bila kiwango hicho, ukiwa katikati ya minara miwili simu ingerukaruka huku na huko, na kila mruko ni hatari ya kukata.

Sasa shika jambo hili: simu ya 2G hupima majirani waliotajwa kwenye orodha ya mtandao tu. Nilipokuwa kwenye kazi ya kupima mtandao, tulizunguka na gari lenye simu kadhaa, kompyuta na GPS, kifaa cha kuonyesha mahali ulipo. Kulikuwa na kona moja ambapo simu zilikata kila tulipopita, na mnara mpya tunauona kwa macho! Ulikuwa umewashwa bila kuandikwa kwenye orodha ya minara jirani, basi simu ziling'ang'ania mnara wa nyuma hadi ukapotea. Jina lilipoongezwa, tulirudi pale na simu zikapita salama. Ndiyo maana nawasihi wasomaji wote: simu ikikata kila mara mahali palepale, piga huduma kwa wateja, utaje mahali, saa na ulikokuwa unaelekea. Ukisema "mtandao mbovu" tu, mhandisi hana pa kuanzia.

Namanga ni habari hiyohiyo, ila kwa makusudi. Mtandao wa Kenya haumo kwenye orodha ya majirani wa mtandao wako, hata usikike kwa nguvu namna gani. Makubaliano ya romingi, yaani ya kutumia mtandao wa kampuni nyingine ukiwa nje ya eneo la kampuni yako, yanakuandikisha huko kama mgeni wakati huongei. Kuhamisha maongezi yanayoendelea kunataka mitambo ya kampuni mbili itengeane nafasi papo hapo, na kwa kawaida kampuni za nchi mbili hazifanyi hivyo. Kwa mji ambao watu wanavuka kwa miguu kutwa nzima, naona wangepaswa kulifikiria.

Kwa sasa, maliza maongezi kabla ya kuvuka, subiri jina la mtandao libadilike, kisha piga upya. Na ukilala Namanga upande wetu, simu ikashika mtandao wa Kenya, unaweza kutozwa romingi ukiwa nchini mwako. Ingia kwenye mipangilio, uchague mtandao wako kwa mkono. Siku ya kuvuka uirudishe simu kwenye kujichagulia mtandao yenyewe, la sivyo utafika ng'ambo huna mtandao kabisa.