Mtani hayupo ofisini

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Umewahi kumwambia mkuu wako wa kazi ukweli asiotaka kuusikia? Ilikuwaje?" Kwa kifupi, sikumwambia. Nilizunguka mbuyu wiki mbili nzima, mpaka mama mmoja kibarua akanifanyia kazi iliyokuwa yangu.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja la korosho hapa mkoani Mtwara. Msimu wetu hufunguliwa Oktoba, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze msimu wa 2007/2008, korosho hupimwa, hupokelewa, kisha mkulima hubaki na karatasi yake akisubiri mnada. Zikiharibika humo ndani zinashuka daraja, na anayeumia ni yule aliyepuliza salfa shambani kiangazi kizima.

Mwaka ule mzigo ulizidi chaga tulizokuwa nazo, yale majukwaa ya mbao ya kuinua magunia kutoka sakafuni. Meneja akaagiza magunia yaliyobaki yapangwe sakafuni, yabanane na ukuta, ili malori yaondoke. Mtu yeyote wa ghala anajua ubaya wake: saruji hupandisha unyevu, ukuta nao una wake, na hewa haina pa kupita. Nami nilijua. Novemba ilipokuwa inakatika nikaingia ofisini kwake.

"Shikamoo, meneja. Naona mvua za mwaka huu zimewahi."

"Marahaba. Afadhali, watu wapande mihogo."

Nikatoka nikijiona nimesema! Siku mbili baadaye nikarudi: "Meneja, ule ukuta wa nyuma una baridi sana." Akaniambia nije na sweta.

Leo nacheka, ila wakati ule nilimlaumu yeye kwa kushindwa kufumbua fumbo. Ndivyo tulivyolelewa, mkubwa hutupiwa neno kwa mbali aliokote mwenyewe. Tatizo ni kwamba alikuwa mgeni huku, tena mwenye haraka, na mtu mwenye haraka hainami kuokota.

Aliyemaliza mchezo ni mama mmoja katika wale wanaochambua korosho. Alitia mkono ndani ya gunia la ukutani, akautoa, akamwita meneja mbele ya watu wote. "Baba, hebu njoo utie mkono humu. Zinavukuta. Zikikaa wiki nyingine utauza ukungu."

Meneja akamjibu asimfundishe kazi. Watu wakatazama chini. Mimi nikajifanya nahesabu karatasi ambazo nilishazihesabu. Lakini jioni, watu wakiwa wameshatawanyika, nilimkuta meneja peke yake, kapiga magoti, mkono umezama kwenye gunia mpaka kiwikoni. Kesho yake alfajiri magunia yalihamishwa na korosho zikaanikwa juu ya maturubai. Nyingine zilikuwa zimeshashuka daraja.

Yule mama hakushukuriwa, wala hakufukuzwa. Msimu uliofuata hakuitwa tu. Kibarua hapewi sababu.

Baadaye nilikaa nikaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu, na aliyeachishwa kwa uonevu ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Vizuri. Ila kifungu cha 35 kinasema kinga hiyo haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6. Sasa hesabu mwenyewe msimu wa korosho una miezi mingapi. Mimi mwenye mkataba wa kudumu ndiye niliyezungumzia hali ya hewa, na asiye na kinga yoyote ndiye aliyesema.

Vijijini kwetu kazi hii ya kumwambia mkubwa ukweli ina mwenyewe, naye ni mtani. Msibani atajilaza kaburini adai hela, atamwambia mzee wa ukoo mbele ya wakwe kwamba ubahili wake ndio umeua mbuzi kwa njaa, na mzee atacheka, atatoa chochote, na neno litakuwa limemfika. Ukimkasirikia mtani aibu ni yako. Ofisini mtu huyo hayupo. Sisi tulikuwa na kisanduku cha maoni, kufuli lake limeshika kutu, na hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani.

Siku hizi mimi ndiye msimamizi, ghala jingine. Kila Jumamosi nawauliza vibarua wiki hii nimekosea wapi, na nauliza baada ya kuwalipa, kamwe si kabla. Wiki tatu za mwanzo jibu lilikuwa moja: "Hakuna, bosi, mambo safi." Ya nne, kijana mmoja wa kupakia akasema, "Bosi, mizani yako inakula. Karibu kilo moja kila gunia. Wakulima wanalaliwa."

Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Masikio yaliniwaka moto, na nilikuwa na jibu kali mdomoni. Nikamwomba anioneshe. Tukapakia jiwe la mizani la kilo 20, tukarudia mara tatu, na mara zote kijana alikuwa sahihi. Jumatatu nikawapigia Wakala wa Vipimo.

Lakini kabla hatujaachana Jumamosi ile, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Bosi, mwakani nitaitwa?" Nikafungua daftari la msimu ujao nikaandika jina lake palepale, akiona.

Msomaji wenu, Mtwara