Jibu la msomaji: Mimi nimeanza na magoti ya mama

Wiki hii mmeuliza hivi: "Ukibadilisha gari leo na unataka SUV ndogo, ya kutulia na isiyosumbua, utachukua ipi na kwanini?" Hili swali ninalo kichwani toka mwezi wa tatu, kwahiyo naomba mnivumilie nikienda mbali kidogo.

Mimi ni mwalimu, nakaa Korogwe, natembelea Toyota Ist namba C, huu mwaka wa tisa. Ist haijawahi kunilaza njiani hata siku moja na sina neno baya juu yake. Ila mama yangu ana miaka 74, anakaa juu huko ukishaipita Lushoto kama unaelekea Mlalo, na kila baada ya miezi miwili namshusha kliniki Tanga. Magoti yake yameisha. Akifika kwenye mlango wa Ist anageuka mgongo, mkono wa kulia kashika mlango, wa kushoto kashika mkongojo, anashuka taratibu mpaka inafika mahali magoti yanakataa, hapo anajiachia tu, anatua kwenye kiti puu, anafumba macho. Kutoka ndo kazi zaidi maana inabidi nimvute mikono yote miwili huku mguu wangu nimeukingisha mbele ya wake asiteleze. Mara moja shemeji akatupa Prado tukasema sasa mama kapona, kumbe ile nayo iko juu mno, tukamtafutia kreti ya soda akanyage, alikuwa anatetemeka mpaka nikajisikia vibaya.

Kwahiyo nikachukua futi ya fundi cherehani. Nikapima kitanda chake, kile anachoamka mwenyewe asubuhi bila kuita mtu, toka sakafuni mpaka juu ya godoro alipokalia: sentimita 62. Nikapima kiti cha nyuma cha Ist yangu, hakifiki 55. Prado imepita 80. Alafu nikaanza kupita kwa wenzangu na kwenye yadi Tanga na Dar nikipima SUV ndogo moja moja na nyingi nilizopima zinaangukia kati ya 62 na 70, yaani mtu anakaa bila kushuka na bila kupanda, anasogeza makalio tu alafu anaingiza miguu. Watu wanasema SUV ni kwa ajili ya barabara mbovu, mimi nasema kwa mtu mzima mwenye magoti SUV ndogo ni kiti chenye kimo sahihi, mengine yanafuata baadae. Na mkipima angalieni pia kizingiti cha mlango, kuna gari kiti kiko vizuri ila kizingiti kipana, mtu lazima anyooshe mguu mbali ndo aguse chini, mama hawezi.

Basi, kimo kikishapatikana linakuja la pili, giaboksi. Anayeijua njia ya Mombo kwenda Soni ananielewa. Unaiacha barabara kuu, ghafla ni kona na mlima mpaka Soni, unaendelea mpaka Lushoto, gari imejaa watu na magunia ya viazi, unapanda mwendo wa taratibu muda mrefu, hewa ya kupoza ni kidogo. Hapo ndo giaboksi inajulikana.

Kaka yangu alinunua SUV ndogo ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia moja moja bali mkanda wa chuma kwenye puli mbili, aina naiacha maana kosa halikuwa la aliyeitengeneza. Akaipeleka gereji moja kumwaga oili, wakamwekea ATF ya kawaida, ile wanayoweka kwenye otomatiki za zamani, wakati CVT ina oili yake maalum na imeandikwa mpaka kwenye kitabu cha gari. Baada ya miezi kama minne tunapanda Soni nikiwa nimekaa pembeni yake, gari ikaanza kutetemeka kama inapita kwenye bati la mgongo, alafu mshale wa mizunguko ya injini ukawa unapanda juu, injini inalia, gari haiendi. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Tukasimama kwenye kona mbaya, mimi nimeshuka nakata majani ya kuweka barabarani malori yatuone, mama yuko ndani anauliza "mwanangu kuna nini?" na mimi nasema hamna kitu mama, tunapumzisha gari. Giaboksi ilikufa. Kaka akaenda Ilala kutafuta iliyotumika, pesa aliyoitoa pale ni ada ya mtoto ya mwaka mzima, na bado hakuwa na uhakika kama hiyo nayo ilitunzwa huko ilikotoka.

Sisemi CVT ni mbaya. Ikipata oili yake kwa wakati inaenda vizuri na inakula mafuta kidogo. Ila mimi nanunua gari lililotumika, simjui aliyekuwa nalo, naishi mji ambao fundi wa kuaminika wa CVT simjui, na njia yangu ni mlima. Kwa hali yangu nataka otomatiki ya gia za kawaida, ile ambayo mafundi wetu wameizoea.

Hilo tu likapangua orodha. X-Trail ya 2007 mpaka 2013, ile T31, naipenda kwelikweli, kiti cha nyuma kinalala kidogo, buti kubwa, injini yake ya MR20 haina makelele, ila otomatiki zake za petroli ni CVT. Vanguard na RAV4 ya kizazi cha tatu wengi wanadhani kwa vile ni Toyota basi hamna wasiwasi, kumbe zile za injini ya lita 2.4 zilizotoka Japani nazo ni CVT, na hiyo injini ya 2AZ miaka ya mwanzo mwanzo ina tabia inayojulikana dunia nzima ya kunywa oili, mpaka Marekani Toyota waliongeza muda wa dhamana kwa sababu hiyo. Ukiwa nayo chomoa kijiti cha oili kila wiki, usisubiri taa. RAV4 ya kabla ya hapo, kizazi cha pili, angalia kama injini imeandikwa D-4. Ikiwa hivyo kaa na fundi wako kwanza, maana mfumo wake wa kupuliza mafuta moja kwa moja kwenye silinda unataka mtu anayeujua, na mafundi wengi wanaukimbia.

Rush niliendesha ya mwenzangu shuleni siku nzima. Injini 1,495 cc, inageuka mahali padogo ajabu, iko juu, magurudumu ya nyuma ndo yanasukuma. Gari ngumu kwa maana zote mbili, haifi haraka na pia inarusha. Kwa kijana sawa, kwa mgongo wa mama hapana. Escudo, ambayo nje inaitwa Grand Vitara, ndo ingenishinda kuiacha kama ningekuwa naishi Mlalo kwenyewe, ina fo wili yenye gia nzito ya 4L kabisa na otomatiki ya kawaida. Ila inakula mafuta, na mimi siku tano za wiki niko kwenye lami ya Korogwe.

Zikabaki mbili. Forester ya 2008 mpaka 2012, ile SH, otomatiki ya gia nne, inatembea kwenye mashimo kama imefungwa mito, sijakaa kwenye gari ya bei yake inayotulia vile. Ukiichukua jua kwamba zile za mwanzo injini ni EJ yenye taiming belti, mkanda wa raba ndani ya injini unaobadilishwa kila baada ya muda, uliza ilibadilishwa lini, kama hamna jibu badilisha mwenyewe kabla ya safari. Za mwishoni mwa 2010 kuja juu zenye injini ya FB zina cheni ya chuma badala ya huo mkanda. Na kwa sababu inasukuma magurudumu yote manne muda wote, tairi lazima ziwe nne za saizi moja na zimelika sawasawa, ukipata pancha isiyozibika ukaweka moja mpya na tatu kuukuu unaumiza giaboksi.

Ya pili ndo niliyoichagua: CX-5 ya kwanza, ya petroli, 2.0. Mazda waliitoa mwaka 2012, otomatiki yake ni gia sita za kawaida, injini ina cheni, na ni 1,997 cc. Hiyo namba ina maana kwa anayeagiza mwenyewe kwa sababu ushuru wa bidhaa wa TRA, mamlaka ya mapato, unapanda ukivuka 2,000 cc, kwahiyo CR-V ya 2.4 au CX-5 ya 2.5 tayari zimeruka mstari. Umri nao, gari likifika miaka 8 unaongezewa, likipita 10 unaongezewa zaidi, kwahiyo piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kwa mwaka husika kabla hujamtumia mtu hela Japani. Nimeona watu wanaangalia bei ya gari tu, meli inafika hawana ya kulitoa bandarini.

Naipenda ila kasoro zake nazisema. Kiti cha nyuma hakilali, mama akisinzia shingo inamdondoka, nitamshonea mto. Ya dizeli nisingeigusa kwa matumizi yangu, ina chujio la moshi ambalo linataka safari ndefu za kasi ili lijisafishe na mimi nyumbani mpaka shule ni dakika saba. Injini ya petroli yenyewe inakandamiza hewa na mafuta kwa nguvu sana, 13 kwa 1, haitaki mafuta ya kwenye madumu. Na za 2.0 nilizoziona yadi nyingi zinasukuma mbele tu. Masika juu kule udongo mwekundu unakuwa sabuni, ni kweli, ila ni wiki chache kwa mwaka, wiki hizo nitaliacha barabarani kwa jirani na kaka atatupokea na pikipiki ya mizigo kama tunavyofanya sasa.

Kitu kimoja kwa yeyote anayeifikiria: usikubali rimu za inchi 19 kwa sababu zinapendeza. Hizo tairi ni 225/55, ukuta mfupi, kila jiwe unalisikia kwenye kiuno, na bei yake ukiulizia Gerezani utarudi kimya. Tafuta ya rimu 17 yenye 225/65. Nilikaa zote mbili siku moja, barabara moja, matuta yale yale, ungeniambia ni gari mbili tofauti ningekubali.

Kukagua nimejifunza kwa fundi wangu, mzee mmoja hapa Korogwe, aliniambia "mwalimu, usiangalie kilomita, angalia mguu." Maana yake raba ya pedali ya breki na ule ubavu wa kiti cha dereva anapopandia. Dashibodi inasema kilomita 60,000 alafu raba imelika mpaka chuma kinaonekana, hapo kuna mtu kazirudisha. Karatasi ya mnada wa Japani idaiwe na namba ya chesesi ilinganishwe, ikiandikwa R jua liligongwa likatengenezwa. Inua kapeti, nusa. Na nenda asubuhi kabla hawajawasha, shika boneti, kama ni ya moto wakati ndo unafika, basi walishaiwasha, wamekuficha namna injini inavyoamka ikiwa baridi.

Jumamosi iliyopita mwenzangu mmoja mwenye CX-5 alikubali tupande nayo mpaka kwa mama. Sikumwambia mama chochote, nilifungua tu mlango wa nyuma. Akageuka mgongo kama kawaida yake, akashika mlango, akajiandaa kuanguka, kiti kikamkuta. Akabaki amekaa vile miguu nje, ananiangalia, kisha akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, mkongojo akaupitisha mwenyewe. Akauliza, "Hili ndo lako?" Nikamwambia bado mama, mwezi wa kumi na mbili. Akasema basi asishuke kwanza, tumzungushe.