Kabla hujalipia huduma ya kuokolewa barabarani kwa kempa yako, soma hii

Tangu tuibadilishe Coaster yetu ikawa kempa, yaani gari ya kulala, watu wa hapa Mwanza wananiuliza mengi, vitanda nilichonga wapi, sola ya wati ngapi, choo kinakaaje, lakini swali linalorudi kila mara ni hili: ukiharibikiwa njiani unampigia nani? Na ni swali la msingi kabisa maana kempa sio Passo. Passo ikizima pale Nyanguge vijana wanaisukuma pembeni, fundi anakuja na bodaboda na spana zake, safari inaendelea. Kempa ina tani kadhaa, ndani kuna tenki la maji, mtungi wa gesi, friji, watoto na bibi yao, alafu ikizima imezima na kila mtu, hamna wa kupanda daladala akarudi nyumbani na kuwaacha wenzake.

Sasa tuanze na bima maana hapo ndo watu wengi wanachanganya. Mtu anakwambia mi nina bima kubwa, sina wasiwasi. Ndugu yangu, bima kubwa ni ya ajali, moto na wizi. Gari ikifa yenyewe, gia boksi imegoma, pampu ya dizeli imekufa, alteneta haichaji, huo unaitwa ubovu wa kimakanika au wa umeme na kwenye mikataba ya bima ya gari umewekwa kule kwenye orodha ya visivyolipwa. Hela ya kuvutwa mara nyingi ipo lakini ni baada ya ajali, na ina kikomo, na kikomo chenyewe ukikilinganisha na bei ya kuvuta gari ya ukubwa wa Coaster kutoka Bunda mpaka Mwanza utaona hakifiki mbali. Kuna kampuni za bima zinakuuzia msaada wa barabarani kama nyongeza juu ya bima kubwa, na hiyo mi naipenda kwa sababu moja, kampuni ya bima inasimamiwa na TIRA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia bima, unaweza kuhakiki bima yako kwenye mfumo wao kwa namba ya gari, na mkigombana kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima wa kumpelekea malalamiko. Ukinunua huduma kwa gereji au kwa mwenye brekidauni, yaani gari la kuvuta magari mabovu, huo ni mkataba wa kawaida kati yako na yeye. Sio vibaya, ila hapo kila kitu lazima kiwe kwenye karatasi, hela iende kwenye lipa namba yenye jina la biashara sio jina la mtu, na udai risiti ya EFD.

Baada ya hapo, kitu cha kwanza kuuliza ni uzito na urefu wa gari yako, bei baadaye. Nasisitiza hili kuliko yote. Huduma nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya gari ndogo, na wauzaji hawakwambii mpaka siku ya shida. Hata Marekani ambako wenzetu wana magari haya ya kulala kwa wingi ni hivohivo, kile chama chao cha madereva kinachoitwa AAA, cha tangu 1902, kwa sehemu kubwa uanachama wa kawaida haubebi gari ya kulala, inabidi uongeze malipo upate daraja linalotaja RV, ndo wanavyoziita gari za kulala, kwa jina. Ukiwa na gari ndogo hujui hata kama hicho kipengele kipo, ukiwa na kempa ndo roho ya mkataba.

Coaster ile ndefu ina karibu mita 7. Ukiweka kabati, betri za sola, maji na mizigo ya familia, uzito unapanda kuliko watu wanavyofikiri, maji peke yake lita 200 ni kilo 200. Ipeleke kwenye mizani ikiwa imejaa kama mnavyosafiri kweli, andika ile namba, alafu mwambie muuzaji aiandike kwenye mkataba pamoja na namba ya usajili, aina ya gari, urefu na kimo ukihesabu na sola za juu. Akisema "hamna shida bosi, sisi tunavuta chochote", mwambie basi kama hamna shida aandike.

Nasema hivi kwa kilichotupata kati ya Lamadi na Bunda. Kampuni tuliyokuwa nayo tuliwaambia mapema kabisa kwenye simu kwamba gari ni Coaster, wakasema sawa. Jioni gari ikazima, tukapiga, wakaja giza limeshaingia, na walichokuja nacho ni kile kigari kidogo chenye mkono wa kunyanyua tairi za mbele. Kijana akashuka na tochi, akazunguka nyuma, akaangalia mkia wa gari ulivyotokeza kupita tairi za nyuma, akaangalia tairi pacha, akaniambia kwa heshima tu, "Shikamoo mzee, hii kwa kweli siiwezi, nikiinyanyua mbele mkia unakula lami kila tuta." Alikuwa sahihi kabisa yule kijana na mpaka leo namshukuru kwa kusema ukweli. Ofisini kwake ndo wakatuambia mkataba umeandikwa "gari", haujaandikwa basi, kwa hiyo brekidauni kubwa inalipiwa tofauti. Mama watoto alikasirika sana, na mi naona alikuwa na haki.

Asubuhi tukampata fundi wa Bunda mwenye lori la kuvuta. Naomba mtu mwenye kempa asome hapa taratibu. Yule fundi kabla ya kufunga chochote alitandika boksi chini akaingia uvunguni, akachukua patasi akapiga alama mbili ndogo kwenye flenji ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi mpaka difu la nyuma, na kwenye flenji ya difu, ili ikirudishwa ikae vilevile isije kutetemeka, akafungua nati, akazitia zote kwenye chupa ya maji aliyoikata kichwa, akaifunga propela juu kwa waya. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba Coaster inasukumwa na tairi za nyuma, ukiivuta huku tairi za nyuma zinazunguka, propela inazunguka, na gia boksi inazunguka ndani bila oili kutembea maana injini imezima. Gari ya otomatiki ndo inaumia haraka zaidi, lakini hata ya manyuo kwa mwendo mrefu inaungua. Na kama kempa yako ni ile ya kuvuta tairi zote nne muda wote, unatakiwa lori la kuibeba mgongoni, au propela zote zifunguliwe. Kwa hiyo swali lako kwa kampuni liwe hivi: mnaibeba au mnaivuta, na kama mnaivuta nani anafungua propela? Asiyeelewa hata hilo swali, muage.

Twende kwenye umbali. Mkataba unasema "kuvutwa bure kilomita 50", inasikika nyingi. Kutoka Mwanza mjini kilomita 50 hata Magu hufiki. Musoma ni kama kilomita 220, na geti la Ndabaka la Serengeti ambako wengi wetu wenye kempa tunapenda kwenda ni kama 140. Alafu uliza zinahesabiwa kuanzia wapi, pale gari ilipozimia au pale yadi yao, maana wengi wanahesabu kwenda na kurudi, na ukifanya hivo zile 50 zimekwisha kabla brekidauni haijakufikia. Bei ya kila kilomita inayozidi iandikwe kwa shilingi, isiwe "tutaelewana".

Na unapelekwa wapi? Wamarekani wana huduma kama ya Good Sam ambayo wanakuvuta bila kikomo cha maili lakini mpaka gereji ya karibu inayoweza kazi hiyo, sio unayoitaka wewe. Kwa kule inaeleweka. Kwa huku kwetu fundi wa karibu anaweza kuwa bingwa wa Fuso na bado umeme wa gari yako ukamshinda, ndo maana mi naona bora mkataba unaokuruhusu kuchagua mji hata kama ni ghali kidogo. Sisi tumeandikisha miji tunayopita sana, Bunda, Musoma, Geita, Bukoba, na kila mji tuna namba ya fundi mmoja tunayemwamini.

Kuhusu upande wa Sengerema na Geita hali imebadilika sana. Zamani brekidauni ya Mwanza ilikuwa inakaa foleni ya kivuko Kigongo na kampuni zikawa zinaandika kabisa haziendi ng'ambo. Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za juu ya maji, brekidauni inapita muda wowote. Lakini mikataba mingine bado ni ya karatasi zilezile za zamani, kwa hiyo soma kama Busisi na kuendelea imo, na kama haimo dai iingizwe, hakuna tena sababu ya kuiacha. Ukerewe ni habari nyingine. Huko hata ukizunguka kwa Bunda mpaka Kisorya bado kuna kivuko cha kwenda Rugezi, na mi sijaona kampuni inayojibu vizuri nani analipia kivuko cha brekidauni na wakikosa cha mwisho nani anawalaza. Sisi Ukerewe tunaenda na fundi wa Nansio tuliyeshaongea naye kabla.

Serengeti nayo uulize peke yake. Ule upande wa Ndabaka ni udongo mweusi, mvua ikinyesha unashika tairi na gari nzito inakaa hapo hapo, na hifadhini magari hayatembei usiku, kwa hiyo hata msaada ukiitwa jioni ni mpaka kukuche. Gari inayokuja kukuvuta ikitoka nje ya hifadhi inapita getini kama gari nyingine. Nani analipa? Na je, kunasa kwenye tope kunahesabiwa ni kuharibika? Mikataba mingi inasema msaada ni "kwenye barabara inayopitika", maneno madogo hayo ila ndo yanayokutoa.

Kwa wanaovuka Sirari kwenda Kenya au Mutukula kwenda Uganda, ile kadi ya njano ya COMESA mnayokata ni ya madhara utakayomfanyia mtu mwingine na matibabu ya watu, haivuti gari yako hata mita moja. Ukiwa na safari za Kenya mara kwa mara ulizia uanachama wa chama cha madereva cha kule kule, AA Kenya, na swali liwe lilelile la uzito.

Vitu vidogo vidogo navipitia haraka. Pancha: uliza wanakuja na jeki ya tani ngapi, maana ya gari ndogo haiinui kempa, na kama wana soketi ndefu ya nati za tairi pacha. Kuletewa mafuta: injini ya dizeli ikikauka haiwaki kwa kumiminiwa mafuta tu, lazima itolewe hewa kwa ile pampu ya mkono ya kwenye filta, kwa hiyo anayeleta dumu awe fundi. Betri: ya gari na ya nyumba ni tofauti, wengi wanakuja kustua ya gari basi.

Kabla ya kulipa, piga ile namba yao ya dharura usiku wa Jumapili. Usipige namba ya ofisi, piga ya dharura. Ikipokelewa, waulize brekidauni yao kubwa iko wapi sa hizi. Anayejua atakujibu palepale, asiyejua ataanza kukuzungusha.

Je, kila mwenye kempa anahitaji kulipia? Hapana. Kama mnaishia Malimbe au Kayenze wikiendi, hela hiyo iweke pembeni kama ya dharura, uwe na namba za brekidauni mbili ulizoziona kwa macho. Ukianza kuvuka Magu au daraja na familia ndani, hapo lipia, na lipia iliyo kamili.

Kitu ambacho karibu mikataba yote imekaa kimya ni watu. Gari ikishafungwa kwenye brekidauni hairuhusiwi mtu kukaa ndani ya kempa, ni hatari, na kabini ya brekidauni inabeba wawili au watatu. Wanaobaki wanaenda na nini, usiku, pembeni ya lami, na bibi wa miaka sabini? Muuzaji akikwambia hilo halijawahi kuulizwa, wewe liulize. Kampuni tuliyonayo sasa walikubali, wakaandika kwa kalamu pembeni ya mkataba: abiria sita, Noah, mpaka mji wa karibu wenye gesti, gharama juu ya kampuni. Tukapiga sahihi pande zote mbili na muhuri juu yake.