Moshi wa kuni na mapafu ya mama

Swali: Mama yangu, mwenye miaka 61, hajavuta sigara kamwe, ila tangu ujana wake amechoma korosho na kupika kwa kuni. Hukohoa kila asubuhi na hutweta akipanda kilima. Kifua kikuu hakikuonekana. Je, ni pumu? (Msomaji, Newala)

Jibu: Pole kwa kuuguza. Huenda ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao moshi wa kuni uliovutwa kwa miaka mingi huweza kuusababisha kama sigara, kwa kuwa njia hizo huvimba, hujaa makohozi na kubaki zimebana, ilhali mbano wa pumu aghalabu huachia. Mpeleke Hospitali ya Ligula, mjini Mtwara, muulizie kipimo cha spirometa, ambapo mgonjwa hupuliza kwa nguvu ndani ya mrija. Bila hicho tutabahatisha.

Mapafu yaliyoharibika hayarudi yalivyokuwa, lakini dawa ya kuvuta, kama salbutamoli, hupunguza kutweta. Wengi hupuliza dawa ikaishia ulimini, kwa hiyo aipitishe kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni, huku akivuta pumzi taratibu mdomoni mwa chupa. Jiko lihamie nje leo hii. Midomo ikigeuka buluu, au akishindwa kumaliza sentensi, msisubiri kupambazuke.