Ukikodi mwongozaji Istanbul, muulize hadi abadilishe njia

Nilianza kwenda Istanbul kufuata mzigo mwanangu wa kwanza akiwa chekechea. Sasa yuko kidato cha pili. Kwa miaka yote hiyo, ungeniuliza Istanbul ikoje ningekujibu: Laleli na Merter kwenye maduka ya jumla, ofisi ya kago, hoteli, uwanja wa ndege. Basi. Watu wa Kariakoo mnanielewa. Unatua asubuhi, unazunguka maduka ya jumla mpaka nyayo ziwake moto, usiku unafunga magunia, kesho unaondoka. Msikiti wa Sultan Ahmed uko vituo vitatu tu vya tramu kutoka Laleli, na sikuwahi kushuka pale.

Aliyenishusha ni mama. Siku moja akaniambia, "Kila mwaka unakwenda huko, na mimi najua harufu ya mabegi tu." Nikamkatia tiketi.

Lakini kabla ya kusimulia siku ya mama, nianze na hasara, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Mwaka mmoja kabla, mimi na wenzangu wawili tulibaki na siku ya ziada kwa kuwa kago ilichelewa. Nje ya hoteli alikuwapo kijana mchangamfu, Kiingereza kinamtoka kama maji, akatuambia atatuzungusha mji mzima kwa bei ya kutupa. Tukaona tumeokota dodo. Tulisimama mbele ya msikiti wa kale wa Ayasofya dakika kumi, tukapiga picha, kisha tukaingizwa duka la mazulia. Chai ya bure, mazulia yanakunjuliwa moja baada ya jingine, saa nzima na robo. Tukitoka hapo, duka la makoti ya ngozi. Kisha chakula mahali ambapo menyu haikuwa na bei. Mimi niliyekulia dukani Kariakoo, ninayewajua mawinga, wale wavuta wateja, kwa hatua zao, nilikaa mle ndani nikinywa chai ya tufaha bila kutambua kwamba mzigo ni mimi. Bei yetu ilikuwa ndogo kwa sababu alikuwa anakula cha juu kila mlango tulioingia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kitambulisho. Uturuki, kuongoza watalii ni kazi yenye leseni, kuna sheria yake tangu 2012, na mwenye leseni huvaa kadi shingoni ikiwa na picha yake na lugha alizofaulu kuongozea. Wao huiita kokart. Asiye nayo ni kishoka, hata awe mcheshi kiasi gani. Mwombe akutumie picha ya kadi hiyo kabla hujalipa chochote; mwenye nayo haoni haya. Faida nyingine ya kadi ni kwamba makumbusho anaingia bure, hivyo akikwambia umnunulie na yeye tiketi, jiulize mara mbili.

Jambo la pili ni bei, na hapa wengi huogopa bila sababu. Ada ya mwongozaji binafsi ni ya siku, haihesabu vichwa. Mkiwa wawili au watano, ni ile ile. Ukienda peke yako itakuuma. Mkijikusanya wanne waliosafiri ndege moja, mtashangaa kila mmoja ametoa kidogo kuliko angelipa kwenye basi la watalii arobaini. Ila muulize ada hiyo ina nini ndani. Mara nyingi tiketi, chakula na usafiri ni juu yako. Ayasofya pekee, tangu mwanzo wa 2024, mtalii analipa euro 25 kupanda ghorofani. Gari na dereva ni gharama nyingine kabisa, na kwa mji mkongwe sikushauri: vichochoro vyembamba, foleni, na dereva mwenyewe atawashusha mbali. Tramu ya T1 inapita karibu na kila mnachokitaka.

Chagueni siku vizuri. Jumanne kasri la Topkapı limefungwa. Jumapili Soko Kuu lililoezekwa limefungwa. Ijumaa misikiti mikubwa haipokei watalii mpaka watu watoke kuswali. Sisi tulikwenda Alhamisi, mwezi wa nne, baridi ya Lushoto.

Sasa mama. Ni mtu mzima wa Tanga, goti la kushoto halimpendi, Kiingereza hajui. Mwongozaji niliyempata ni binti wa miaka thelathini na kitu, aliyenitumia ratiba yenye vituo tisa. Nikakata vitano. Akashangaa kidogo, akanikumbusha kuna birika la chini ya ardhi la enzi za kaizari Justinian, nguzo 336, kila mtu huliona. Nikamwambia kuna ngazi za kushuka, na zinazoshuka zitapandwa. Birika likaondoka. Kuna kitu kingine nilikuwa nimekipigia hesabu ambacho ratiba hazikihesabu: tafsiri. Kila atakachosema kwa Kiingereza nitamgeuzia mama kwa Kiswahili, na kila atakachouliza mama nitakirudisha. Yaani nusu ya siku inaliwa na mdomo wangu. Ukiwa na mzazi asiyejua lugha ya mwongozaji, chukua ratiba uliyopewa uikate katikati, kisha punguza kimoja.

Tulikubaliana saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na tukakubaliana kabisa kwamba ikizidi nitalipa kwa saa. Pia nilimwandikia kwa maneno machache: hakuna zulia, hakuna ngozi, hakuna dhahabu. Akajibu kwa kicheko, na siku nzima hakutuingiza duka lolote.

Alipomwona mama alimwita "teyze". Nikamuuliza maana yake, akasema ni dada wa mama. Mama mdogo, basi. Mama naye akamwita mwanangu, na tangu hapo nilikuwa mkalimani tu wa watu wawili waliokwisha kuelewana.

Ayasofya alituelezea nje, tumekaa benchi. Kanisa lililojengwa kwa miaka mitano, 532 hadi 537, likawa msikiti Waturuki Waosmani walipouteka mji mwaka 1453, likawa makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Mama akasema anataka kuswali, hataki ghorofani, basi tukaingia chini na wenye kuswali. Ndani kuna mabamba manane ya duara yaliyoning'inizwa juu, makubwa ajabu, yameandikwa kwa Kiarabu. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumweleza. Mama, aliyemaliza chuo cha Qur'ani utotoni, akainua kidole akaanza kusoma: Allah, Muhammad, Abubakar, Umar, Uthman, Ali, Hasan, Husein. Alisoma kama anaita majina kwenye rejista. Binti wa Kituruki alikuwa kimya, kwani yeye herufi hizo hazisomi. Kwao waliacha kuandika kwa herufi za Kiarabu mwaka 1928. Kwa dakika mbili tatu mama ndiye aliyekuwa mwongozaji.

Nalieleza hili kwa sababu kwenye kundi la watu arobaini lisingetokea. Kuna bendera mbele, mnaifuata, na mama yako mwenye goti ndiye mnayemsubiri.

Topkapı tulipangiwa saa moja na nusu, tukakaa tatu. Kwanza kwenye chumba cha vitu vitakatifu, ambapo kuna vazi linalohifadhiwa kuwa la Mtume, na qari anasoma Qur'ani pale pale. Mama akatafuta ukuta akaegemea. Sikumsogeza. Hakikisheni tiketi yenu ina sehemu ya Harem, makazi ya wanawake wa sultani, maana ndiko siku yetu ilikogeukia.

Ukiingia tu Harem kuna ua mwembamba wenye vigae vya buluu na vyumba vya kulala vilivyopangana. Binti alipita haraka kidogo, anataka kutufikisha kwenye vyumba vya masultani vyenye dhahabu. Mama akasimama. "Hapa walilala nani?" Nikauliza. Binti akasema matowashi weusi. Nikamgeuzia mama, naye akauliza swali ambalo mtu wa Tanga lazima aulize: walitolewa wapi?

Hapo ndipo pesa yangu ilipolipa. Binti alirudi nyuma, akasimama nasi uani, akaanza kueleza kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Watoto waliotekwa Uhabeshi na Sudan, wakahasiwa wangali wadogo, wakauzwa kaskazini. Wengi walifia njiani. Waliofika ikulu walilinda milango ya wanawake, na mkuu wao, kuanzia mwisho wa karne ya 16, alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kabisa katika dola. Mkononi mwake ndimo ulimokuwa wakfu wa Makka na Madina. Akatutajia mmoja, Haji Beshir Agha, Mhabeshi, aliyeshika cheo hicho kuanzia 1717 hadi alipokufa 1746. Akatuambia pia kwamba upande wa Izmir hadi leo wapo Waturuki weusi, vizazi vya watumwa, na wana sherehe yao wanayoiita ya ndama.

Mama alinyamaza muda. Kisha: "Huyo Beshir, kaburi lake lipo?"

Kaburi sijui kama aliulizwa kabla yetu, lakini binti akasema msikiti wake upo, chini kidogo, karibu na kituo cha tramu cha Gülhane, ng'ambo ya lililokuwa lango la serikali ya Waosmani. Aliujenga miaka ya 1740. Haukuwa kwenye ratiba yoyote. Ilibidi tuchague: huo au Soko Kuu. Mimi nalala Laleli, soko nalijua, na mama kuona duka si shida yake. Tukaenda.

Ni msikiti mdogo. Hakukuwa na foleni wala tiketi. Mzee mmoja alikuwa anapangusa madirisha. Mama akaswali adhuhuri mle, rakaa nne bila kupunguza, nikamkumbusha kuwa yeye ni msafiri, akaniambia nisimfundishe dini. Alipomaliza alikaa akitazama juu. Sikumtafsiria kitu na binti hakusema kitu. Mtoto aliyetolewa kwao hana hata jina lake, akajenga nyumba ambayo watu bado wanaswali.

Chakula nina ushauri mfupi: usimuulize mwongozaji mgahawa mzuri uko wapi, muulize yeye hula wapi akiwa hana wageni. Alitupeleka kwa wanaopikia wenye maduka, sufuria ziko wazi mbele, unaonyesha kwa kidole. Mama ntilie wa Kituruki, ila ni mwanamume. Chakula chao kipenzi hapo ni maharage meupe yaliyopikwa kwa nyanya, pembeni pilav. Mama akatazama sahani yake, akanitazama. "Nimepanda ndege saa zote zile kuja kula wali maharage." Akamaliza, akaongeza. Bili ilipokuja binti alisema "hesap", mama akanigusa kiwiko. Asubuhi alikwisha kusikia kahve, saat na dükkân. Akaniambia hawa wametuchukulia maneno. Nikamweleza kwamba sote tulikopa kwa Waarabu, wala hakuonekana kuamini.

Na bakshishi nayo wanaiita karibu vile vile, bahşiş. Si lazima, ila mwongozaji mzuri mpe, mkononi, mwisho, usimpe katikati ya siku mbele ya watu. Dereva au mhudumu akikuomba kwa sauti, hiyo si bakshishi.

Saa kumi hivi tulikuwa Eminönü. Ratiba ilisema meli ya kitalii ya Bosporus. Binti akashauri tupande ile ya abiria ya kawaida kwenda Üsküdar: inalipiwa kwa kadi ile ile ya tramu, inavuka hadi upande wa Asia kwa chini ya nusu saa, na mandhari ni yale yale. Akanunua simit, mikate ya duara yenye ufuta. Mama akaketi nje, kaukaza mtandio, shakwe wanatufuata, akaanza kuwarushia vipande.

"Kumbe ni pantoni," akasema. "Kama ya Kigamboni."

Tulipofika Üsküdar ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Nikataka kumlipa binti saa ya ziada tuliyokubaliana, akakataa. Nikamwingizia kwenye bakshishi. Akamkumbatia mama, akatuonyesha gati la kurudia, yeye akateremka kupanda treni inayopita chini ya bahari kwenda kwao.

Kesho yake nilimwamsha mama mapema twende Merter, kuna mabunda mapya ya madera yameingia. Akajigeuza ukutani. "Nenda na magunia yako. Ukirudi nipeleke pale kwa Beshir, nimesahau kumsomea Fatiha."